Brashi ya kung'arishia nta kwenye mbao: anza kwa mng'arisha viatu

Uso wa meza ukiwa bapa, kitambaa cha pamba kinatosha kung'arisha nta. Kazi iko kwenye nakshi: maua ya mlango wa Zanzibar, mikunjo ya kinyago cha mpingo, kona za fremu. Kitambaa kinapita juu kwa juu, nta inabaki mitaroni, vumbi linaganda humo na nakshi yote inapauka. Hapo utataka brashi.

Namba moja: nywele za farasi. Ni brashi ile ile ya viatu, yenye mgongo wa mti. Ni laini, haikwaruzi nta, lakini ina nguvu ya kuifuata mpaka ndani ya mtaro. Ila nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni nailoni tupu. Ng'oa unywele mmoja uuchome kwa kiberiti: wa farasi utanuka kama nywele za kichwani zikiungua na kubaki jivu la kusagika, nailoni itayeyuka na kuwa kitone kigumu. Kisha vuta kishungi kidogo kwa vidole. Zikitoka nywele tatu nne kwa mkupuo, irudishe, maana utakuja kuzibandua moja moja kwenye nta.

Na iwe mpya. Niliwahi kuazima iliyokwisha kula kiwi nyeusi nikaipitisha kwenye stuli ya mninga ya shangazi. Siku nzima iliyofuata nilikuwa na msasa mkononi.

Namba mbili: nywele za nguruwe. Ni ngumu zaidi, na ncha zake zimepasuka kwa asili. Kwenye mpingo au mvule uliopakwa nta nzito zinaweza hata kuishinda namba moja. Nimezishusha kwa sababu nyingine: pwani mafundi wengi hawazigusi, na kama kazi ni marufaa ya kuwekea msahafu, hiyo brashi isikaribie kabisa. Brashi nyingi za rangi zenye nywele za asili ni za nguruwe hata kama hazikuandikwa, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa.

Namba tatu: nyuzi za mimea. Brashi za ng'ambo za kazi hii hutumia tampiko, nyuzi za mmea wa Meksiko ulio ndugu wa mkonge wetu wa Tanga. Inafaa kwa mbao ngumu, mkupuo wa kwanza tu, halafu umalizie na farasi. Ya makumbi ya nazi iache sakafuni.

Mwisho kabisa: nailoni ya kufulia. Ncha zake zinachora mistari. Ukiifunga kwenye drili ndiyo balaa: nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64, na kabla ya kufika hapo imeshalainika, kwa hiyo badala ya kung'aa inasambaa. Brashi ya waya wa shaba ni ya kusafishia mbao kabla ya nta, si baada.

Nunua mbili, moja ya nta ya rangi, nyingine ya nta isiyo na rangi, na uziandike mgongoni. Zikijaa, zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uzianike nywele zikitazama chini ili maji yasiingie kwenye mti na kulegeza vishungi.