Ofisi ya vifurushi iliyoniharibia jalada la santuri

Mimi hukusanya santuri za zamani kwa ajili ya majalada yake. Muuzaji wangu wa Dar es Salaam alilifahamu hilo, akafunga mzigo kiungwana: aliitoa sahani ndani ya jalada, kwa kuwa ikiachwa humo hutikisika njiani na kupasua mshono, kisha akavibana vyote viwili kati ya vipande vya boksi gumu.

Nilipofika kuuchukua hapa stendi ya Tabora, boksi halikuwepo. Mtu alikuwa ameufungua mzigo na, juu ya picha ya wanamuziki wa Kikongo waliovaa suruali za bugaluu, akaandika jina langu na namba yangu ya simu kwa kalamu nene ya wino mweusi, akamalizia kwa kuzungushia selotepu. Niliibandua taratibu kadiri nilivyoweza, lakini rangi iliondoka nayo, ikabaki kadibodi tupu.

Nilipolalamika, kijana wa dirishani hakuinua hata uso. "Mzee, sahani si nzima? Hiyo ni karatasi tu."

Karatasi tu! Tangu mwaka 1940, mchoraji Alex Steinweiss wa Columbia, kampuni ya santuri ya Marekani, alipoanza kuchorea santuri majalada yake badala ya kuziacha katika makaratasi yasiyo na pambo, jalada ni kazi ya sanaa inayojitegemea. Kwetu thamani yake ni kubwa zaidi, kwa sababu nyimbo nyingi za bendi zetu za miaka ya 1960 na 1970 zilitoka katika santuri ndogo za inchi 7, ndani ya mifuko yenye nembo ya kampuni pekee. Santuri kubwa yenye sura za wapigaji wenyewe huitafuta kwa miezi.

Haki isemwe: mzigo ulifika siku niliyoahidiwa, na dada wa dirisha la pili alinipa pole kwa dhati. Nilikusudia kuandika kwamba huduma yao ni ya wastani, na kwamba anayesafirisha dumu la asali huenda wakamfaa. Lakini jalada nimelitundika ukutani, na kila nikilitazama, pale mpiga gitaa la solo alipokuwa akitabasamu nasoma tarakimu za simu yangu. Hapana. Hata hiyo asali sitawakabidhi.