Arusha hadi Dar es Salaam kwa ndege: muda wa kwenye tiketi na muda wa safari yenyewe

Shirika ninalolizungumzia, ambalo sitalitaja jina, hurusha ndege ya mapangaboi kila asubuhi kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) kwenda Dar es Salaam, na katika programu yake ya simu safari hiyo huonyeshwa kuwa ya saa 1 na dakika 15. Muda huo ni wa kweli. Kutoka KIA hadi Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere ni takriban kilomita 450 kwa mstari ulionyooka, na muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa kule iendako, hivyo ndani yake zimo pia dakika za kutembea ardhini na kusubiri zamu ya kuruka.

Kwa mkazi wa Arusha, hata hivyo, saa hiyo moja na ushee ni kipande tu cha safari. KIA ipo wilayani Hai, karibu kilomita 50 kutoka katikati ya jiji, na shirika linamtaka abiria afike saa mbili kabla ya ndege kuruka. Anayepanda ndege ya saa moja na nusu asubuhi anapaswa awe ameshatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, na akishatua Dar humngojea foleni ya Barabara ya Nyerere kabla hajafika Posta. Ukijumlisha yote, mlango kwa mlango ni saa tano hadi sita. Bado ni nafuu kubwa kuliko basi, ambalo hupita Same, Korogwe, Segera na Chalinze kwa zaidi ya kilomita 600, likipunguza mwendo kila kijiji kwa kuhofia askari wa barabarani wenye tochi za kupimia mwendo, na siku nzima ikaishia njiani.

Ndani ya ndege sina la kulalamikia: viti ni safi, wahudumu wana adabu, na aliyepata dirisha la kushoto anapokwenda Dar huuona Mlima Kilimanjaro, kisha safu za Upare na Usambara, iwapo mawingu yataruhusu. Kasoro ipo kwenye taarifa. Ujumbe wa kutuarifu kwamba ndege imesogezwa mbele ulitufikia tukiwa tumeshakaguliwa na mizigo imeshapokelewa, na jibu pekee la kaunta lilikuwa, "Wazee wangu, tuvumiliane kidogo." Chai hatukuona.

Wapo wanaoona heri kupandia Kisongo, uwanja uliopo Barabara ya Dodoma, usiofika hata kilomita 15 kutoka mjini. Hoja hiyo ina uzito kwa mwenye begi dogo, ila ndege za pale nyingi ni ndogo, baadhi hupitia Zanzibar kwanza, na kilo za mizigo hubanwa sana.

Kwa kwenda, basi, ninaipendekeza huduma hii. Kwa kurudi jioni ninasita, kwa sababu ndege hutua giza limeshaingia, daladala zipo mbali kwenye njia panda ya barabara kuu, na teksi ya kufika mjini hugharimu fedha ambayo abiria hakuambiwa alipokuwa akilipia tiketi. Basi dogo la shirika la kuwafikisha abiria Arusha na Moshi, hata kwa nauli ya wastani, lingeondoa kero hiyo.