Mkonga wa mwaka 2001 na tela la kulala nililolichomelea mwenyewe

Miezi kumi na minane iliyopita nilinunua Toyota Land Cruiser HZJ78 iliyotumika, ile ambayo wengi wetu Tanzania tunaiita Mkonga, kwa kusudi moja tu: kukokota tela la kulala ambalo nilikuwa nimelichomelea uani kwangu, Morogoro. Tela ndilo lililotangulia. Gari lilifuata baada ya gari dogo la familia kushindwa kulitoa getini siku ya mvua, huku majirani wakitazama. Wakati natafuta, kila niliyemuuliza alinieleza habari za injini, ilhali fedha nilizotumia baada ya kununua ziliishia kwenye chasi, breki na mfumo wa kupooza injini.

Tela lenyewe lina ekseli niliyoitoa kwenye pikapu iliyokufa, fremu ya bomba za mraba, na kuta za plaiwudi zilizofunikwa kwa bati la alumini. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi na tangi la maji la lita 120. Nilikuwa nikilikadiria kuwa na kilo 800 hivi, lakini nilipolipeleka kwenye mzani wa ghala la mazao likiwa na maji, gesi na vyombo, mzani ulisoma kilo 1,140. Hesabu zangu zote zilibadilika pale pale. Katika nchi za Ulaya tela linalozidi kilo 750 hutakiwa kuwa na breki zake lenyewe, na ingawa mimi siishi huko, mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, haumuulizi mtu ametoka nchi gani.

Niliichagua HZJ78 kwa sababu ina chasi inayojitegemea, yaani fremu ya chuma iliyotengana na bodi, ekseli nzima nyuma yenye springi za vyuma vya kupangana, na injini ya 1HZ, ambayo ni dizeli ya silinda sita, lita 4.2, isiyo na turbo wala kompyuta ya kusimamia mafuta. Si injini ya mashindano. Nguvu yake ya kuvuta hufika kileleni kwenye mizunguko 2,200 hivi kwa dakika, na kwa mtu mwenye mzigo nyuma hilo lina faida kuliko wingi wa nguvu za farasi zisizopatikana mpaka ukanyage mafuta hadi sakafuni.

Niliyoinunua ilikuwa ya tatu kukaguliwa. Dalali aliniambia, "Kaka, Mkonga haufi," nami nikamwomba anipe ufunguo. Ukiufungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa zote za tahadhari kwenye dashibodi hupaswa kuwaka kwa pamoja, ikiwamo ile iliyoandikwa T-BELT, ambayo humkumbusha dereva kwamba muda wa kubadilisha mkanda wa taimingi umefika. Nyingine zote ziliwaka isipokuwa hiyo. Fundi niliyekwenda naye alifungua dashibodi na kukuta kibalbu kimeng'olewa, tundu limebaki tupu. Mtu aliona taa inamsumbua, akaiondoa taa badala ya kubadilisha mkanda. Mkanda huo ukikatika kwenye injini hii, pistoni hukutana na valvu, na bili ya hapo ni ya kuuzia shamba.

Kisha tulilala chini ya gari. Chasi ilikuwa imepakwa rangi nyeusi mbichi, jambo ambalo kwa gari lililofanya kazi pwani kwa miaka mingi lingeweza kuwa usafi au uficho. Fundi aligonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele akirudi nyuma, na chuma kikawa kinalia kwa sauti kali ileile mpaka alipofika kwenye boriti ya mwisho, ambapo ndipo hasa chuma cha kukokotea tela hufungwa. Pale sauti iligeuka ikawa ya kufifia kama ya debe lenye mchanga. Alikwangua rangi kwa bisibisi, na kutu ikamwagika kifuani pake.

Wengi wangeondoka. Mimi nilibaki, kwa kuwa sehemu nyingine zote za chasi zilikuwa nzima na injini iliwaka ikiwa baridi bila moshi wa kutisha. Kutokana na kibalbu na kutu ile tulishuka kutoka milioni 46 hadi milioni 41, kisha nikabadilisha mkanda pamoja na beringi yake kabla gari halijatembea hata kilomita mia, na boriti ya nyuma ikakatwa na kuwekwa mpya. Kubadilisha jina kwenye kadi na kulisajili tela kwa namba yake kulihitaji subira tu.

Safari ya kwanza iliniaibisha. Nilipofika mwendo wa kilomita 75 kwa saa, tela lilianza kutikisa mkia kushoto na kulia kama samaki, nikapunguza taratibu bila kugusa breki mpaka likatulia. Nyumbani niliweka pua lake, yaani ncha inayofungwa kwenye gari, juu ya mzani wa kupimia watu: kilo 48, wakati ilipaswa kukaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela. Nilikuwa nimefunga tangi la maji nyuma kabisa. Nililihamishia mbele kidogo ya ekseli, mzani ukasoma kilo 114, na tangu siku hiyo mkia umetulia. Lawama hiyo ni yangu, gari halihusiki.

Kwenda Kyela tulipita Mikumi polepole, kama inavyotakiwa hifadhini, kisha tukapanda Kitonga kwa gia ya pili nyuma ya malori. Mshale wa joto ulivuka nusu, nikasimama palipokuwa na nafasi. Tatizo lilikuwa kiunganishi cha feni, kile chenye mafuta mazito ya silikoni ndani, ambacho kilikuwa kimechoka na feni ikizunguka kivivu. Ningekibadilisha siku moja na mkanda ningeepuka saa nzima ya kusubiri. Tuliporudi, gari lilishuka mlima huohuo kwa gia ya pili likishikwa na injini, na breki za tela zilibaki za moto wa kawaida.

Likiwa peke yake gari hunywa lita 12 hivi kwa kilomita 100, na likikokota hufika 16 au 17. Matangi mawili ya lita 90 kila moja yalitufikisha Kyela bila kujaza njiani. Kulipita lori ni jambo la kupanga mapema sana, kelele ndani hulazimisha watu kupaza sauti, na gari hukata kona kwa eneo kubwa kiasi kwamba kurudi nyuma na tela ni kazi ya watu wawili. Kwa kukokota tela la uzito huu ningelinunua tena, ila ningeanza na nyundo kabla ya kusikiliza injini.

Lililonishinda mpaka leo ni vumbi. Milango ya nyuma nimeizungushia mpira mpya mara mbili, na kila tukirudi kutoka Kisaki bado tunakuta mablanketi yamegeuka rangi ya matofali.