Microsoft Defender inanitosha, nyumbani na ofisini
Nilikuwa nalipia antivairasi moja kila mwaka, kompyuta ikawa inakokota mpaka kufungua faili dogo tu unasubiri, na vile vimatangazo vya kukutaka uongeze malipo haviishi, nikaitoa. Sasa natumia Microsoft Defender, inakuja na Windows 10 na 11 bure kabisa, na kusema kweli ile ya zamani siikumbuki. Ila kitu wengi hawajui, ile kinga ya mafolda dhidi ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai pesa huwa imezimwa, lazima uiwashe mwenyewe. Na apdeti jamani msiziahirishe, WannaCry, kirusi cha aina hiyo hiyo cha Mei 2017, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishaliziba tangu Machi! Bakapu za ofisi tunaweka kwenye diski ya nje, tukimaliza tunaichomoa.