Fukwe za kwenda ukiwa Tanga, na swali moja la kuuliza kabla hujatoa hela

Kila sikukuu ikipita napokea malalamiko ya aina moja tu. Safari hii ni dada mmoja katoka Moshi na watoto na mama mkwe, kakodi Noah kutoka Tanga mjini mpaka beach moja huku barabara ya Pangani, kalipa kiingilio cha vichwa vyote, watoto wamevaa maboya kiunoni tangu wako kwenye gari, wanashuka saa nne na nusu asubuhi, hakuna bahari. Kanitumia video. Ngalawa mbili zimelala ubavu kwenye tope, mtoto ananyanyua mguu kandambili inabaki chini, ananyanyua wa pili na yenyewe inabaki, na nyuma unamsikia mama mkwe anauliza taratibu kabisa, "Kwani maji wameyapeleka wapi?" Mhudumu akawajibu yatarudi jioni. Noah ilikuwa ya mpaka saa tisa.

Mimi nilicheka, samahani dada, lakini baadaye nikakasirika kweli, kwa sababu yule aliyepokea simu ya booking alijua. Mtu amezaliwa pwani, anaishi pwani, anajua siku ile maji yanatoka asubuhi, akanyamaza mpaka hela iingie. Kwa hiyo swali la kumuuliza kabla hujatoa hela ni hili moja tu: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?

Kwa hiyo hapa sitaongelea mchanga mweupe wala vibanda vya makuti wala sehemu nzuri ya kupiga picha. Hivyo vyote utaviona Instagram, na ukitaka kujua picha zile zilipigwa saa ngapi, nakwambia mimi, zilipigwa maji yamejaa. Mimi naongelea kupwa na kujaa basi, yaani maji kutoka na kurudi, maana watu wa bara mnachagua beach mkiangalia bei na umbali, hakuna anayeangalia mwezi.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Sasa mwezi ukiandama au ukiwa mpevu inakuwa bamvua, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, tofauti ya juu na chini inapita mita 3, na kwenye pwani iliyolala kama yetu hizo mita 3 ndio zinageuka mwendo mrefu wa tope. Na bamvua ya huku kwetu ina tabia yake: maji yanakuwa chini kabisa kwenye saa nne, saa tano asubuhi, halafu yanajaa saa kumi jioni. Yaani muda uleule familia inafika na mabeseni ya pilau ndio muda bahari haipo. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, hapo hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi ya saa nne unayakuta yamekaa vizuri.

Huhitaji kusomea. Chukua kalenda ya Kiislamu, ile inayobandikwa msikitini. Kuanzia tarehe 1 na tarehe 15 siku mbili tatu hizo ni bamvua. Tarehe 8 na 22 hapo katikati ni maji mafu. Sasa fikiria Idd ndogo inakuwa lini? Mwezi umeandama jana usiku! Idd mosi na Idd pili ni bamvua tupu, na ndio siku Tanga nzima inaenda beach. Pasaka nayo inafuata mwezi mpevu, kwa hiyo miaka mingi inaangukia bamvua au jirani yake. Idd kubwa ni tarehe 10, afadhali kidogo. Na kama hutaki kuhesabu, kwenye simu kuna programu za kuonyesha kujaa na kupwa kwa maji, andika Tanga, inakupa saa na dakika.

Haya, twende kwenye fukwe zenyewe.

Namba moja ni Ushongo na sijifichi, naipendelea, mwenye kuninunia aninunie. Iko kusini ya Pangani. Kutoka Tanga mjini unaenda kama kilomita 50 mpaka Pangani, unavuka mto kwenda Bweni (kwa kivuko, kama siku unayosoma hapa lile daraja jipya halijafunguliwa bado, na kivuko kina foleni na kina saa zake), halafu kama kilomita 15 tena. Ni mbali, najua, na mvua ikinyesha mtalaumiana kwenye gari. Ila sababu yangu sio uzuri, ni kwamba Ushongo maji yakitoka unabaki na mchanga. Watoto wanacheza mpira, unatembea mpaka miguu inachoka, hakuna mtu anayeacha kandambili kwenye tope. Halafu kwa sababu ni mbali unalazimika kulala, na ukilala tayari umeshamaliza ugomvi na mwezi: asubuhi yakikupwa, jioni unayo, jioni yakikupwa, asubuhi unayo. Anayekwenda kwa siku moja anacheza kamari, anayelala hachezi. Na hapa sisemei hoteli yoyote, zipo za bei ya kutisha na zipo za kawaida, nyingine unaweka hema tu. Minazi ni ileile na bahari ni ileile.

Kitu kingine Ushongo kuna kasa. Mayai ya kasa wanaotaga kisiwa cha Maziwe yanahamishiwa huku bara kwa sababu kisiwa kinafunikwa na maji, halafu yanaanguliwa mchangani hapa. Ukibahatika siku ya kuanguliwa unawaona vidogo hivyo vinakimbilia majini, mmoja kapinduka anapiga mikono hewani, na wale walinzi wanakukataza usimsaidie.

Namba mbili hiyohiyo Maziwe, lakini hapa geuza akili. Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, hifadhi ya bahari, zamani lilikuwa na mivinje, wazee wa Pangani wanaikumbuka, siku hizi hakuna hata mti mmoja na maji yakijaa kisiwa chenyewe hakipo. Kwa hiyo wewe unataka maji yatoke. Ile bamvua ya asubuhi iliyomharibia dada wa Moshi ndio siku tamu ya Maziwe: mnaondoka mapema, mnafika mchanga unatoka, mnaangalia samaki kwenye matumbawe, mnaondoka kabla hayajapanda. Kofia, maji ya kunywa, na mafuta ya kujipaka kwa mnaoungua, maana kivuli ni kile utakachobeba. Upepo wa kusi ukikaza, mwezi wa sita mpaka wa nane, bahari inachafuka, boti linarusha, mimi sipandi na mama mjamzito asipande.

Kigombe na zile beach za njiani kwenda Pangani naziweka namba tatu kwa masharti. Ni karibu, unaenda na kurudi, upepo mzuri, wavuvi wako hapohapo, na siku ya maji mafu ni pazuri kabisa, usiku utalala fofofo. Siku ya bamvua asubuhi, yale yale ya mama mkwe. Mkienda, simameni kidogo Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani, watoto wajue mji ulikuwepo kabla ya hoteli. Halafu eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyoanzishwa 2009. Silikanti ni yule samaki ambaye dunia ilidhani alishatoweka zamani za kale mpaka akavuliwa mmoja Afrika Kusini mwaka 1938, na wavuvi wa Tanga nao wakawa wanawakuta kwenye nyavu zao za jarife. Ila anaishi kina kirefu kwelikweli. Mtu akikuuzia safari ya kwenda kuogelea na silikanti, muage kwa heshima uondoke.

Pangani mjini nenda kwa ajili ya mji, majengo ya kale, na kukaa mtoni jioni. Kuogelea pale mdomoni mwa mto, hapana, masika maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa na mkondo unavuta.

Raskazone, hapahapa Tanga mjini, ni kwa asiye na nauli. Kiingilio kidogo, unaogelea maji yamejaa, unakula chipsi, unarudi nyumbani na daladala. Ukitegemea ufukwe wa kutembea utachoka.

Sasa bei, maana hapa ndio roho yangu inauma. Kuna sehemu unalipa kiingilio, halafu hairuhusiwi kuingia na chakula, sawa, nakubali, ni biashara. Lakini menyu ya samaki haina bei, imeandikwa "kulingana na ukubwa". Ukubwa wa nini? Nilikaa sehemu moja nikaletewa changu ambaye pale soko la samaki la Deep Sea asubuhi ningemnunua na ndizi za kuchoma na nauli juu, bili ikaja kama nimekula papa mzima, nikauliza, nikaambiwa "dada leo bahari ilikuwa mbaya". Bahari niliyoiangalia mchana kutwa imetulia kama sahani! Sasa mimi nasema mleteni samaki mbichi mezani, nimuone, tukubaliane bei, ndio aende kwenye moto. Wananichukia lakini wananiletea.

Na boti. Utaambiwa bei ya kichwa, mnakuwa sita mnazidisha sita mnaona sawa, kumbe boti zima lina bei yake na ni ndogo kuliko hiyo. Uliza bei ya boti. Uliza kama ada ya hifadhi imo ndani au mtadaiwa mkishafika, maana Mtanzania na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo vitambulisho mkononi. Uliza makoti ya kuokolea mangapi, na uyaone kwa macho kabla hamjapanda, pamoja na ya watoto, sio kuambiwa yako kwenye boti lingine. Nusu ya hela mkiondoka, nusu mkirudi mmekanyaga nchi kavu.