Juzuu ya Michango ya Seneta Mary Robinson: Imekusanywa Vyema, Lakini Waliomjibu Wako Wapi?

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, vichochoro viwili nyuma ya Barabara ya Ndia Kuu, kuna chumba cha kusomea ambacho kwa ada ya wastani hukukusanyia kumbukumbu rasmi za bunge lolote ulitakalo, alimradi bunge hilo liwe limeziweka wazi kwa umma, kisha hukuchapia, hukutilia muhtasari wa Kiswahili na kukufungia kama kitabu. Muhula uliopita nilikwenda huko kwa niaba ya klabu ya mdahalo ya shule ninayofundisha Historia na Serikali, nikaagiza michango ya Mary Robinson katika Seneti ya Ireland kuhusu masuala ya kijamii. Ninaiandika tathmini hii kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofikiria kuitumia huduma hiyo, kwa kuwa niliipenda kwa kiasi kikubwa na ikaniudhi mahali pamoja tu, lakini mahali penyewe ndipo penye roho ya kazi.

Nililipa shilingi 1,450 kwa kurasa 212, nikaambiwa nirudi baada ya siku tano, na siku ya tano kazi ilikuwa tayari, jambo ambalo katika mji huu halistahili kupitwa kimya. Uchapaji ni safi, tarehe ya kila kikao imewekwa juu ya ukurasa, na jalada la plastiki limestahimili mikono ya wanafunzi 31 kwa wiki sita bila kuchanika.

Nilimchagua seneta huyu kwa sababu wanafunzi wangu wanaijua Seneti yetu ya Kenya kama mahali pa kuvutania ugavi wa fedha za kaunti. Nilitaka waone baraza la aina nyingine. Seneti ya Ireland ina wajumbe 60, na hakuna hata mmoja anayechaguliwa na wananchi wote kama tunavyomchagua seneta wa Mombasa: 43 hupatikana kupitia orodha za kitaaluma ambazo wapigakura wake ni wanasiasa, wengi wao madiwani, 6 huchaguliwa na wahitimu wa vyuo vikuu, na 11 huteuliwa na waziri mkuu. Robinson aliingia mwaka 1969 kwa kura za wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dublin, akiwa na umri wa miaka 25, akakaa humo hadi mwaka 1989. Muhtasari unayaeleza haya kwa nusu ukurasa tu, na kwa ufasaha.

Sehemu iliyo bora kuliko zote ni ile ya mwaka 1971, na hapo nawapongeza waandaaji bila kusita. Mtu mvivu angeanza na sheria zilizopitishwa, kwa kuwa ushindi husomeka kwa urahisi. Wao wameanza na mswada ambao baraza lilikataa hata kuusoma. Wakati huo sheria ya mwaka 1935 ilipiga marufuku kuuza vidhibiti mimba nchini Ireland na kuviingiza kutoka nje kwa ajili ya kuuza. Robinson, pamoja na maseneta wenzake wawili, John Horgan na Trevor West, aliomba ruhusa ya kuwasilisha mswada wa kuilegeza sheria hiyo. Katika utaratibu wa baraza lile, mswada wa mjumbe binafsi haupigwi chapa mpaka baraza litoe ruhusa katika hatua ya kwanza. Kwa hiyo, ruhusa iliponyimwa baada ya kucheleweshwa kwa miezi kadhaa, maseneta walikuwa wamekataa karatasi ambayo haikuwa imechapishwa rasmi ili waisome. Nje ya ukumbi, Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, alikwisha kuonya kwa waraka uliosomwa makanisani kwamba sheria ya namna hiyo ingekuwa laana kwa nchi, na mwezi wa Mei kundi la wanawake lilipanda treni kwenda Belfast, katika Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ambako vidhibiti mimba viliuzwa kihalali, wakarudi navyo Dublin mchana kweupe mbele ya maofisa wa forodha. Waandaaji wameyaweka mambo hayo mawili katika tanbihi fupi, na bila tanbihi hiyo msomaji hawezi kuelewa kwa nini maneno machache ya seneta kijana kuhusu ratiba ya shughuli za siku yalikuwa na uzito.

Habari ya forodha iliwagusa wanafunzi wangu kuliko nilivyotarajia, labda kwa sababu nusu yao wana baba au mjomba anayefanya kazi bandarini Kilindini. Walipofika kwenye kesi ya Mary McGee, mama wa watoto wanne aliyeonywa na daktari kwamba mimba nyingine ingehatarisha maisha yake, na ambaye kifurushi chake cha dawa ya kuzuia mimba kilizuiwa na forodha, hakuna aliyehitaji kuelezwa maana ya mzigo kukamatwa. Mahakama ya Juu ya Ireland ilimpa haki mwezi wa Desemba 1973, kwa hoja kwamba wanandoa wana faragha yao ambayo dola haina ruhusa ya kuiingilia. Kuanzia hapo juzuu inaonyesha jinsi Robinson alivyorudi barazani na mswada mwingine, uliojadiliwa na kushindwa mwaka 1974. Mwaka huohuo mswada wa serikali yenyewe uliangushwa katika bunge la chini, na waziri mkuu, Liam Cosgrave, akapiga kura dhidi ya mswada wa serikali yake. Darasa zima lilidai kwamba hilo ni kosa la chapa. Si kosa la chapa.

Kuhusu Kiswahili cha muhtasari, nina lalamiko moja dogo ambalo limekwisha kurekebishwa. Neno la Kiingereza ambalo huweza kuwa na maana ya ruhusa au likizo lilitafsiriwa kwa maana isiyofaa, kwa hiyo katika ukurasa wa 14 seneta alionekana akiliomba baraza likizo ya kuwasilisha mswada. Wanafunzi walicheka hadi kengele ikalia. Ningelichukulia kuwa jambo la mzaha kama si kwamba habari nzima ya mwaka 1971 inasimama juu ya neno hilohilo: aliomba ruhusa, akanyimwa ruhusa. Nilipoirudisha, ukurasa ulichapishwa upya papo hapo bila malipo, pamoja na radhi na kikombe cha kahawa chungu.

Sasa nije kwenye lile lililoniudhi. Juzuu ina sauti moja. Waandaaji wamemchuja Robinson peke yake kutoka katika kila kikao, wakawaacha nje wote waliosimama kabla yake na baada yake. Matokeo yake ni kwamba unamkuta akisahihisha hoja ambayo hukuisikia, akimshukuru mjumbe ambaye humwoni, au akikatizwa na mtu asiye na jina. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye babu yake ni mtunzi wa mashairi, aliinua mkono na kuniuliza, “Mwalimu, hili ni shairi lililouliza au lililojibu?” Sikuwa na la kumwambia. Sisi wa pwani tumelelewa na kujibizana. Beti zikitumwa Mvita na jawabu likatoka Lamu, hakuna anayezihifadhi beti za upande mmoja akasema amehifadhi malumbano. Waliompinga Robinson hawakuwa wajinga wote. Wapo walioogopea ndoa, wapo walioogopea mamlaka ya wazazi, na hofu hizohizo zilisikika hapa kwetu viongozi wa dini walipoupinga Mswada wa Afya ya Uzazi wa mwaka 2019 ulioletwa katika Seneti yetu na Susan Kihika. Mwanafunzi wa mdahalo asiyezisoma hoja za upinzani katika ubora wake atajifunza kukariri hotuba tu.

Nilimweleza hayo mzee anayekiendesha chumba hicho, baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kikoi. “Mwanangu,” akasema, “majibu yale ni kurasa nyengine mia mbili, na karatasi hainunuliwi kwa dua.” Hoja yake ya gharama naikubali, nisichokikubali ni kwamba mteja hakuelezwa mapema kwamba kilichochapwa ni upande mmoja. Lau jalada lingesema hivyo, ningejua ninachokinunua.

Sura za mwisho zinakwenda haraka, nami nitazipita haraka vilevile. Suala la talaka, ambayo katiba ya Ireland iliikataza, limepewa kurasa chache, ingawa kura ya maoni ya mwaka 1986 iliyotaka kuondoa katazo hilo ilishindwa wakati Robinson angali barazani. Suala la watoto waliozaliwa nje ya ndoa, waliokuwa na haki pungufu hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 1987, limeguswa vizuri zaidi. Juzuu inakatika ghafla mwaka 1989. Najua niliagiza michango ya Seneti pekee, lakini mstari mmoja ungetosha kumwambia msomaji kwamba mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa rais wa kwanza mwanamke wa nchi ile, na kwamba talaka iliporuhusiwa kwa kura ya maoni ya mwaka 1995, kwa zaidi kidogo tu ya nusu ya kura, yeye ndiye aliyekuwa rais. Kwa msomaji wa Kenya ningeongeza kwamba mwaka 1992, akitoka kuishuhudia njaa ya Somalia, alizungumza na waandishi wa habari jijini Nairobi akizidiwa na uchungu waziwazi.

Kwa jumla naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa ajili ya wale walionyamazishwa. Tumekubaliana na mzee kwamba atanitengenezea juzuu ndogo ya pili, kurasa 60 za mjadala wa mwaka 1974 peke yake, wasemaji wote kwa mpangilio waliosimama, kwa shilingi 400. Nusu nimekwisha kulipa. Alhamisi baada ya sala ya alasiri nitakwenda kuichukua, na yule msichana ameomba anifuate.