TAHADHARI: Muuzaji wa "mashine za 1904" Moshi na Arusha

Wadau wa vitu vya kale, hasa mnaotafuta mashine za zamani za kunyolea ndevu, zile za kuweka wembe: kuna jamaa anauza kwa simu Moshi na Arusha, kaeni naye mbali. Majina anabadilisha, mtamjua kwa maneno yake. Anaanza na hadithi ya mzungu wa shamba la kahawa aliyeacha sanduku kule Machame, kisha anakutumia picha ya mashine ya Gillette ya vipande vitatu (kichwa, kitana yaani kile kibamba chenye meno kinachokaa chini ya wembe, na mpini): "Hii ni ya 1904 boss, si unaona imeandikwa?"

Imeandikwa kweli. Ila 15 Novemba 1904 ndiyo siku King Gillette, mwenye kampuni, alipopewa hataza yake (haki ya uvumbuzi) Marekani, na kampuni iliendelea kugonga tarehe hiyo kwenye mashine kwa miaka mingi. Hata ya miaka ya 1920 unaweza kuikuta nayo. Bei anayotaja ni ya muhuri tu.

Mimi nazisafisha hizi mashine, ndiyo maana waliopigwa huishia kwangu. Kuna moja imeletwa juzi, mwenyewe katoa karibu laki mbili, inang'aa dhahabu tupu. Kichwa ni brasi ya zamani, sina ubishi. Mpini sasa! Nimeukwangua kwa ukucha pale kwenye uzi wa kuzungushia, kama wa skrubu, dhahabu ikabanduka vipande: rangi ya kopo, ya kupuliza. Chini yake kijivu, na vishimo vidogo vidogo. Brasi ukiikwangua unakuta manjano. Kijivu cha namna hiyo ni aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki, na ikishaanza kulika hakuna fundi wa kuirudisha. Tena mpini wenyewe ni wa juzijuzi, uzi haukamati vizuri, kichwa kinacheza. Kwenye kitana meno mawili yalishapinda, akayanyoosha kwa koleo na alama kaziacha. Meno yakikaa ovyo wembe haukai sawa pande zote mbili. Unyoe nayo uone kidevu kitakavyokuwa.

Mwingine aliuziwa mpini halisi, wenye kitufe cha duara chini. Ile mipini ni bomba jembamba la brasi na huwa inapasuka. Ufa ukazibwa kwa gundi, ukapakwa rangi, maji ya moto ya kwanza tu ukaachia.

Atakutumia na video ya sumaku isiyonasa, kwamba huo ndio ushahidi wa brasi. Sumaku hainasi zinki pia, kwa hiyo hapo hajathibitisha kitu.

Malipo ni nusu kwanza, mzigo unapandishwa basi, na jina linalotokea kwenye muamala si lile alilokupa. Ukilalamika anakugeuzia kibao: umeiharibu mwenyewe ulipoisafisha. Anasema ana meza Kiboriloni, lakini wauza mitumba wa pale niliowauliza hawamfahamu.

Mtu akikuuzia mashine ya aina hii, mwambie aifungue apige picha vipande vyote vitatu vikiwa mbalimbali: meno ya kitana kwa karibu, uzi, na kitako cha mpini. Akianza "kamera mbovu", achana naye. Na msibabaike na mng'aro. Mimi naona bora uuziwe ikiwa na uchafu wake, kwa sababu sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu na mswaki laini vinaondoa sehemu kubwa ya huo uchafu, na unaona ulichonunua. Iliyochovywa dhahabu kweli msiipige polishi ya chuma, ule mchovyo ni mwembamba mno, unaondoka na kitambaa.

Kama umeshatuma hela, usifute meseji wala muamala, nenda navyo polisi, na namba yake iripoti kwa kuituma 15040. Wenye picha za mashine alizowauzia ziwekeni hapa chini, nitawaambia kipi cha zamani na kipi kimepachikwa.